Miti niliyoijua imelala

Nimefanya useremala miaka 41, na kwa miaka yote hiyo miti nimeijua ikiwa imelala. Mbambakofi naujua kwa uzito wake begani, kwa harufu yake msumeno unapopita, kwa jinsi unavyokataa patasi ambayo haikunolewa. Niletee ubao wa mvule usiku, umeme umekatika, nitaupapasa na kukwambia huu ni mvule. Lakini ungenisimamisha mbele ya mbambakofi ulio hai, na majani yake na ndege wake, mpaka mwezi uliopita ningekuuliza: na huu nao mti gani?

Aliyenipeleka ni mjukuu wangu. Ana miaka 15, na shuleni waliambiwa watafute mimea kumi ya Pwani na asili ya majina yake. Akaona kwenye simu tangazo la kikundi cha vijana wanaotembeza watu katika hifadhi ndogo upande wa bara ya kaskazini, ukishavuka daraja la Nyali ukaendelea mbele. Jina la kikundi silitaji, la hifadhi pia silitaji, kwa sababu nina malalamiko yangu humu, na baba zao baadhi ya vijana wale tunaswali msikiti mmoja. Mwenye kuwataka atauliza, ataonyeshwa. Bei ni shilingi 800 kwa mtu mzima na 300 kwa mwanafunzi, unatuma kwa M-Pesa siku moja kabla. Matembezi ni ya muda wa saa tatu, kwa miguu, kuanzia saa moja asubuhi.

Saa moja yao. Sisi tulifika saa moja kasoro dakika tano, chai na mahamri tumeshamaliza nyumbani Kibokoni. Kijana wa kututembeza alishuka kwenye bodaboda saa mbili kasoro dakika kumi. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu ya kumwambia, lakini la kwanza kumtoka lilikuwa "Shikamoo babu," na mtu akishakuamkia hivyo, utafanyaje? Nikaitika marahaba, hasira nikaimeza. Basi nayatapika hapa: dakika hamsini juani ni nyingi kwa mtu mwenye magoti kama yangu, na pale mlangoni hakuna hata gogo la kukalia.

Tulikuwa tisa. Mimi na mjukuu, mama mmoja wa Mtwapa na watoto wake watatu, mzee mmoja wa Kigujarati ambaye babu yake alikuwa na duka Makadara, na mume na mke watalii kutoka Nairobi. (Mjukuu, anayeniandikia haya, anasema wa Nairobi si watalii. Niachie hivyo hivyo.)

Hifadhi yenyewe si kubwa. Juu ni mawe ya matumbawe, vichaka na mikoma. Kisha ardhi inateremka mpaka kwenye hori lenye mikoko. Upande mmoja unaona mabati ya mtaa, na honi za matatu hazikuachi hata ukiwa katikati ya msitu. Mimi hilo halikunikera. Asiyetaka kelele na aende Tsavo.

Mlangoni pana mvinje, na kijana alianzia hapo. Akasimulia habari za Haller Park, ambazo sisi watu wa Mombasa tunazijua nusu. Tunamjua Owen, yule kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, na kobe Mzee aliyefuatana naye kila mahali, tukaishia hapo. Kumbe bustani ile yote ilikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba mawe ya matumbawe mpaka likabaki jangwa jeupe lisilo na udongo, na mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, akaanza kujaribu kupanda miti ndani yake. Alijaribu aina 26. Iliyostahimili ilikuwa michache tu, mvinje ukiwa mbele, kwa kuwa mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoupa mbolea kutoka hewani. Ila majani yake yalipoanguka hayakuoza. Yamejaa tanini, ile dawa kali ya kutengenezea ngozi, hata wadudu hawakuyataka. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na kwenye udongo ikaota miti mingine. Marehemu mke wangu akimkuta jongoo ukumbini alikuwa akimfagia na kupiga bismillahi. Natamani ningemsimulia hili.

Na jina? Wanasayansi wanauita Casuarina equisetifolia. Casuarina limetokana na kasuari, neno la Kimalei la ndege mkubwa asiyeruka, maana vitawi vya mvinje vinaning'inia kama manyoya yake. Lile la pili ni la singa za farasi. Ndege na farasi katika mti mmoja, na mti wenyewe asili yake ni huko Asia ya kusini-mashariki na Australia. Nikamuuliza kijana, mbona basi umeanza na mgeni? Akasema, "Babu, mgeni ndiye anayekaribishwa mlangoni." Nikajua hapa nimepata mtu.

Nisemee hapa namna yake ya kufanya kazi, kwa sababu hii ndiyo iliyoifanya ile shilingi 800 isiniume. Hatamki jina la kisayansi kama karani anayeita kesi kortini. Anakusimamisha mbele ya mti, anakuuliza kwanza: nyinyi kwenu mnauitaje? Kila mtu anataja lake. Halafu anauliza unafanyiwa nini. Mwisho kabisa ndipo anatoa lile la Kilatini, na kulipasua vipande vipande kama samaki, huku mwiba, huku nyama.

Mkwaju ulituchelewesha. Kwa Kilatini ni Tamarindus indica. Tamarindus ni tamr hindi ya Waarabu, yaani tende ya Hindi. Indica nayo ni ya Hindi. Mti umeandikiwa mara mbili kwamba kwao ni India, wakati asili yake, alisema kijana, ni Afrika hii hii. Ulivuka kwenda India zamani sana, Waarabu wakauona kule, wakaupa jina la kule. Yule mzee wa Kigujarati akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Kwetu tunaita ambli," akasema, "na mamangu alifariki akijua ni ya kwetu." Nikamwambia, bwana, basi mmekuwa mkitupikia cha kwetu na kutuuzia. Akasema, na nyinyi mmekuwa mkinunua. Tangu hapo mpaka mwisho wa safari tulitembea pamoja, tukizungumza habari za bajia na ukwaju wa jioni kuliko habari za miti, na kijana alikuwa na adabu ya kutuacha.

Mbuyu siusemei mengi, nani asiyeujua? Umeitwa Adansonia kwa ajili ya Mfaransa Michel Adanson aliyeuchunguza kule Senegali, na digitata kwa sababu majani yake yametawanyika kama vidole. Watoto wa yule mama walihesabu vidole, wakapata vitano, wakaomba mabuyu. Mabuyu hayakuwapo. Kikundi kinachotembeza watu Mombasa, kinawasimamisha chini ya mbuyu, na hakina pakiti hata moja ya mabuyu ya kuuza! Vijana, biashara hiyo mnaiona kwa macho.

Kwenye mikoma nilinyamaza. Mamangu alikuwa akisuka vikapu kwa miyaa, na miyaa ndiyo majani ya mkoma yaliyochanwa. Vidole vyake vilikuwa vigumu kuliko vyangu, mimi niliyeshika patasi. Sasa sikia jina: Hyphaene. Ni neno lililotoka kwa Wayunani, kwenye kitendo cha kufuma, kwa ajili ya nyuzi zilizomo katika tunda lake. Mtu aliyeubatiza alikuwa akitazama tunda, hakumwona mamangu na miyaa mapajani, lakini akaangukia pale pale. Kijana akaongeza kwamba ndiyo maana kuna mtaa wa Mkomani. Nimepita Mkomani maisha yangu yote. Nimetengeneza milango miwili Mkomani. Kumbe kila nilipomwambia kondakta "nishushe Mkomani" nilikuwa nataja mti nisioutazama. Tukaanza kushindana: Mikindani, Mbuyuni, Mikanjuni, Mwembe Tayari. Mtalii wa Nairobi akataka kuingiza Kileleshwa, tukamkatalia.

Mkunazi tuliupita upesi, na kwa ombi langu. Mke wangu alipofariki mimi ndiye niliyekwenda kutafuta majani ya mkunazi ya kumuoshea, na tangu siku ile nikiona mti huo siwezi kuuongelea kama miti mingine. Kijana alikuwa ameshafungua mdomo aseme Ziziphus, jina ambalo Wayunani walilichukua huko mashariki. Mjukuu akamgusa mkono. Akafunga mdomo, tukaendelea. Hilo pia naliweka kwenye hesabu ya mazuri.

Sasa mbambakofi.

Niliukuta pembeni ya njia, na nisingeutambua lau si maganda chini. Ganda ni jeusi, gumu kama ubao, na limepasuka. Ndani zimepangwa mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja na kikofia chake chekundu. Mbegu hizo nimeziona zikiuzwa kwa watalii zimetungwa shanga. Sikuwahi kuzioanisha na mbao zangu. Nikaweka kiganja kwenye gome. Gome lake ni la kijivu, linabanduka mapande mapande. Nimeuchana mti huu mara ngapi? Nimeutia randa, nimeuchoma keekee, nimeuchonga nakshi za maua na minyororo, nyumba ngapi za Mji wa Kale zinafungwa usiku kwa kazi ya mikono hii, na ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuugusa ukiwa na ngozi yake.

Kijana akasema: Afzelia quanzensis. Afzelia ni kwa heshima ya Adam Afzelius, Mswidi, mwanafunzi wa Linnaeus (yule aliyeanzisha utaratibu wa kuipa mimea majina mawili mawili ya Kilatini), aliyekwenda Sierra Leone katika miaka ya 1790. Quanzensis ni mto Kwanza wa Angola. Nikamwambia arudie. Akarudia. Yaani mti uliofunga milango ya Mvita na Lamu umepewa jina la mtu aliyetembea pwani ile nyingine ya Afrika, na la mto unaomwagika katika bahari ile nyingine. Hata herufi moja haikuelekea huku. Sikukasirika, mwenye kuandika kwanza ndiye anayebatiza, na aliyeuandika kwanza aliupata huko. Lakini hapo ndipo nilipoinua macho nikaona kibao.

Kibao ni cha plastiki, kimepigiliwa msumari kwenye mti hai. Msumari! Kimeandikwa jina la Kilatini, na chini yake la Kiingereza linalouita aina fulani ya mahogani. Basi. Mbambakofi halipo. Sisemi kama mzee mwenye kijicho cha lugha, nasema kama fundi: mahogani ni mti mwingine kabisa, rangi nyingine, uzito mwingine, na bei nyingine. Mteja akiniagiza mlango wa mbambakofi nikampelekea mahogani, tutaonana kwa chifu. Na nikaanza kuangalia nyuma: mkwaju ulikuwa na kibao gani? Hivyo hivyo. Mkoma? Hivyo hivyo. Kule chini kwenye hori nilikuta vibao vitatu vya miti mitatu tofauti, vyote vimeandikwa neno moja la Kiswahili, "Mkoko". Nitafika huko.

Kijana alisema vibao si vyao, ni vya wenye hifadhi. Sawa. Lakini mdomo ni wake, na kwa mdomo alisahihisha. Kisha akaniuliza mlango huwa unaanzia wapi. Nikamwonyesha kwa vijiti chini: huu mwimo, huu mwimo, hiki kizingiti cha juu, hiki cha chini, na huu wa katikati unaogawa mbawa mbili ndio mfaa, na fundi humwaga ufundi wake wote kwenye mfaa na kizingiti cha juu, kwa sababu ndipo macho ya mgeni yanapotua. Neno mfaa hakuwahi kulisikia. Akatoa daftari akaliandika. Nikamwambia na mchwa mbambakofi hauuwezi, ndiyo maana milango ya kale ipo na wenyewe hawapo. Hilo nalo akaandika. Mke wa mtalii akaniuliza kama mimi ni mfanyakazi wa pale.

Msandarusi upo hatua chache kutoka hapo, na mimi nilikuwa nimeshapata moto. Majani yake yanakaa mawili mawili kwenye kikonyo kimoja kama maharusi, na ndiyo maana umeitwa Hymenaea, kutokana na mungu wa ndoa wa Wayunani wa kale. La pili ni verrucosa, yaani wenye chunjua, kwa vile ganda la tunda limejaa vinundu. Maharusi wenye chunjua! Mama wa Mtwapa alicheka mpaka akakaa. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa na kopo la sandarusi iliyosagwa, utomvu wa mti huo uliokauka ukawa kama kioo, na akiyeyusha kutengeneza vanishi uchochoro mzima ulijua. Siku hizi vanishi inatoka kwenye mkebe, na harufu yake ni ya kuumwa kichwa.

Tukateremka horini. Hapa kuna mabuti ya mpira ya kuazima, na ndiyo malalamiko yangu ya tatu. Ya namba kubwa ni jozi mbili tu, zote zina tundu. Niliingia kwenye tope na tope likaingia kwangu. Vaa viatu vyako vya zamani usivyovitamani tena.

Kuhusu vile vibao vya "Mkoko". Watu wa mjini tunasema mikoko kwa kila kinachoota kwenye maji ya chumvi. Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na anayeikata anajua kila mmoja kwa jina lake. Mkoko hasa ni ule wenye mizizi iliyopinda nje kama miguu ya buibui. Rhizophora, jina linalosema mbeba mizizi, na hapo sina ugomvi na Kilatini, limesema kweli. Mkandaa ni mwingine. Gome lake hutiwa rangi ngozi. Muia ni mwingine. Mlilana unaotangulia mbele kabisa baharini ni mwingine, umepewa jina la Mfaransa Sonnerat. Kijana alizijua tofauti hizo zote kwa majani na kwa mizizi. Asichokijua ni miti hiyo ikishalala, basi tukabadilishana: yeye akanipa maua, mimi nikampa vipimo. Mti mwembamba kabisa ni fito, ukizidi kidogo ni pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Nikamwambia aingie nyumba yoyote ya mawe ya zamani apime chumba: kirefu atakavyo, lakini upana umefungwa na urefu wa boriti, kwa sababu boriti ndiyo inayobeba dari. Mtu alijenga kwa kipimo cha mkoko. Mjukuu wangu, aliyelala miaka yote katika chumba chembamba na kunung'unika, akaniangalia kama kwamba ni mimi niliyeukata.

Na mchu. Kama mnakwenda kwa ajili ya kitu kimoja, nendeni kwa ajili ya mchu. Mizizi yake inachomoza kwenye tope imesimama kama penseli, mamia, ndiyo pua zake. Kijana alichuma jani moja, akatuambia tulambe upande wa juu. Chumvi tupu, mti unakunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kwa majani. Watoto walilamba, mtalii alilamba, mimi nililamba. Kisha akauliza, nani kati yenu alisoma madrasa? Nikainua mkono kama mtoto. Akasema jina lake ni Avicennia marina. Marina ni ya bahari. Na Avicennia?

Nikakaa kimya. Akasema, "Avicenna ndivyo Wazungu walivyolitamka la Ibn Sina."

Ibn Sina! Tabibu aliyefariki mwaka 1037, ambaye ustadhi wetu alikuwa akimtaja kila mtoto akija na homa: angekuwa Ibn Sina angekupa hiki, angekupa kile. Linnaeus alipotafuta jina la mti huu alimpa yeye. Kumbe huku chini kwenye tope la Mombasa, mahali tunapotupa chupa za plastiki, amesimama Ibn Sina na pua zake nje. Nimekata mchu mwingi ujana wangu kwa kuni za tanuri. Sitasema nilijuta, kuni ni kuni, lakini nilisimama pale zaidi ya wengine, mpaka maji yakaanza kujaa na kijana akaniita.

La mwisho lilikuwa la mjukuu. Karibu na mlango wa kutokea, kwenye ufa wa jiwe, kivulini, palikuwa na mmea mfupi wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Mjukuu akapiga kelele. Ofisini kwa mamake Nyali upo mmoja kwenye chungu cheupe, umenunuliwa shilingi 1,500, na mfanyakazi mmoja ana kazi ya kuufuta vumbi. Kijana akasema ndiyo, ndio huo, Zamioculcas zamiifolia, umejaa kwenye maofisi ya dunia nzima na kwao ni huku, Afrika ya Mashariki mpaka kusini. Ile culcas katikati ya jina ni qulqas ya Waarabu, yaani jimbi. Basi mamake analipia kijukuu cha jimbi 1,500, na nyuma ya nyumba yetu ya zamani tuling'oa tukatupa.

Tulimaliza saa tano na robo. Palikuwa na kahawa chungu na kashata, imo kwenye bei, na kahawa ilikuwa kahawa kweli. Choo kipo kimoja, mlangoni. Ukishateremka horini, jihesabu.

Mjukuu anasema lazima nitoe nyota, bila nyota simu haikubali. Nimetoa nne. Ya tano imekwenda na zile dakika hamsini, na tundu la buti, na ule msumari. Kwa kijana mwenyewe ningetoa tano na nauli ya bodaboda.

Jumanne alinipigia. Amezungumza na wenye hifadhi, wamekubali vibao vipya, vya mbao, vya kufunga kwa kamba bila msumari, Kiswahili juu na Kilatini chini. Kama babu ana nafasi? Nina mabaki ya mbambakofi kutoka mlango uliovunjwa na gari la taka, nilikuwa nayaweka sijui kwa ajili ya nini. Nimeshaanza. Cha mchu nimekimaliza kwanza, jina fupi. Msandarusi una herufi kumi, mbambakofi nao kumi, na ubao ni mfupi, nimepunguza herufi mara mbili. Cha mkwaju bado. Yule mzee wa Kigujarati alipita karakana jana, akakaa, akanywa chai, akaniomba niandike ambli hapo chini kwa herufi ndogo tu. Sijamjibu.